Brashi ya Pili: Namna ya Kuchagua Brashi Bora ya Kunyolea Ndevu

Mwanamume anayeanza kunyoa kwa sabuni na brashi mara nyingi huanza na seti: mashine ya chuma inayotumia wembe mmoja, kibakuli, kipande cha sabuni, na brashi iliyotiwa ndani ili boksi lijae. Mashine hudumu miaka. Sabuni huisha, ikanunuliwa nyingine. Brashi ndiyo inayozua malalamiko. Huacha nywele shavuni kila asubuhi, huchoma shingoni, na povu lake huwa jepesi, lenye mapovu makubwa yanayopasuka kabla wembe haujafika kidevuni. Miezi michache ikipita, mwenyewe huanza kutafuta brashi iliyo bora zaidi.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Brashi moja huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na nyingine, ambayo kwa macho ya mgeni haina tofauti nayo, huuzwa kwa zaidi ya pauni 100 za Uingereza. Muuzaji huzungumzia daraja la nywele, uzuri wa mpini na sifa za kiwanda. Lakini mambo yanayoamua kama brashi itamfaa mnunuzi ni machache, na mengi yao hukaguliwa kwa jicho na kidole tu.

Kwanza kazi yenyewe. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe huukata bila kutumia nguvu. Povu zito huyashikilia maji hayo usoni yasikauke, na juu ya hapo huufanya wembe uteleze. Brashi hubeba maji, huyachanganya na sabuni na hewa mpaka yawe povu, kisha hulipeleka povu hilo hadi kwenye mashina ya ndevu huku ikizisimamisha zile zilizolala. Vidole haviwezi kufanya hivyo. Mwaka 1919 Mmarekani Frank Shields alitengeneza Barbasol, krimu iliyonadiwa kwamba haihitaji brashi, na baada ya Vita Kuu ya Pili likaja povu la kopo. Wanaume wengi waliziacha brashi zao. Waliobaki nazo, pamoja na vijana waliozirudia miaka ya karibuni, wana sababu ya wazi: povu la brashi hubeba maji mengi, na mtu hulirekebisha mwenyewe, tone baada ya tone, mpaka liifae ngozi yake.

Ukitaka kujua kwa nini brashi mbili hutofautiana bei, tazama jinsi shada la nywele linavyotengenezwa. Mfano mzuri ni Simpson, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa na Alexander Simpson mwaka 1919, ambayo siku hizi hufanyia kazi Kisiwa cha Man. Katika karakana za namna hiyo, fundi hupima nywele, huzitia ndani ya kikombe kidogo ncha zikiwa chini, kisha hukigongagonga kikombe juu ya meza. Kila unywele hushuka mpaka ncha yake iguse sakafu ya kikombe na kufuata umbo lake. Fundi akiridhika, hulifunga shada kwa uzi kwenye mashina, hulitia gundi, halafu hulipachika kwenye mpini. Umbo la duara linaloonekana juu ya brashi limetokana na kikombe. Mkasi haujagusa ncha hata moja.

Brashi ya bei ya chini hupitia njia nyingine: nywele hufungwa kwanza, kisha juu hukatwa ili zipate umbo. Unywele wa mnyama huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoelekea ncha, kwa hiyo ukikatwa, kinachobaki ni kisiki butu. Maelfu ya visiki hivyo vikizungushwa shingoni ndivyo vinavyochoma. Mnunuzi aliye dukani anaweza kuligundua hilo kwa dakika moja. Aishike brashi kavu mbele ya mwanga na kutazama upande wa juu: ncha za asili hufifia polepole, zilizokatwa huishia ghafla. Kisha aigandamize mgongoni mwa mkono na kuizungusha. Ikichoma hapo, usoni itachoma zaidi.

Nywele zenyewe ni za aina nne. Zilizo na sifa kubwa kuliko zote ni nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia ambaye ni wa jamii moja na nyegere wa nyika zetu. Unywele wake una ncha nyeupe au ya rangi ya krimu, mstari mweusi katikati, na shina la rangi hafifu. Maji mengi hukaa kati ya nywele hizo, ncha ni laini, na shada husimama imara. Masanduku ya brashi hizi huandikwa Pure, Best, Super au Silvertip, kuanzia daraja la chini kwenda la juu. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho. Hakuna kipimo cha kimataifa kinachofungamanisha majina hayo na ubora maalumu. Kinachoitwa Best na kiwanda kimoja kinaweza kuwa sawa na Super ya kiwanda kingine, au kikaizidi. Jina linasaidia kulinganisha bidhaa za kampuni moja. Nje ya kampuni hiyo halina uzito.

Kuna jambo lingine zito kuhusu melesi. Nchini Uingereza mnyama huyu analindwa na sheria maalumu ya mwaka 1992, kwa hiyo brashi inayouzwa kwa jina la Kiingereza na iliyofungwa kwa mikono ya Waingereza hutumia nywele zilizotoka mbali. Sehemu kubwa ya nywele za melesi zinazouzwa duniani hutoka China. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya huko, yakionyesha melesi wakifungiwa katika vizimba vidogo na kuuawa kikatili. Baadhi ya makampuni yaliacha kuuza brashi hizo. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya Silvertip ana haki, na pia wajibu, wa kuuliza nywele hizo zilipatikanaje. Muuzaji asiye na jibu amekwisha kujibu.

Aina ya pili ni nywele za nguruwe. Ndizo brashi za vinyozi wa Italia na Ureno kwa miaka mingi. Omega ya Bologna, iliyoanzishwa mwaka 1931, na Semogue ya Ureno hutengeneza brashi za nguruwe zinazoheshimiwa ulimwenguni kote, nyingi kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Nywele hizi ni nene na ngumu, hunyonya maji, na hukwangua sabuni ngumu vizuri kuliko nyingine zote. Zinadai subira. Brashi mpya ya nguruwe hutoa harufu ya mnyama, huchoma, na hula povu. Mwenyewe huiloweka kila siku kwa dakika kadhaa, huipaka sabuni, hunyoa, huikausha, na kesho yake huanza tena. Baada ya wiki kadhaa za matumizi, kila ncha hupasuka na kuwa nyuzi mbili tatu nyembamba, na shada lililokuwa gumu hulainika juu huku mwili wake ukibaki imara. Mtu anayeitupa katika juma la kwanza hajawahi kuiona brashi aliyoinunua.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, brashi ya nguruwe haifiki hata kwenye suala la subira. Waislamu wa pwani, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafii, huhesabu nguruwe kuwa najisi, na kifaa kinachopakwa usoni kikiwa kimelowa si jambo dogo. Tatizo ni kwamba lebo nyingi hazimtaji nguruwe. Sanduku huandikwa tu “pure bristle” kwa Kiingereza au “pura setola” kwa Kiitaliano, na maneno yote mawili humaanisha nywele za nguruwe pekee, zisizochanganywa. Nchini Malaysia sheria ya mwaka 2013 inawataka wauzaji waweke alama wazi na kuzitenga bidhaa zitokanazo na nguruwe au mbwa. Mwezi wa Februari 2017 maofisa wa huko walikamata zaidi ya brashi 2,000, nyingi zikiwa za kupakia rangi, wakishuku kwamba zilikuwa za nywele za nguruwe na hazikuwa na alama. Asiye na sheria ya kumlinda namna hiyo inambidi aulize mwenyewe kabla ya kulipa.

Aina ya tatu, nywele za farasi, ina historia ya kuogofya. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nywele nyingi za brashi zilitoka Urusi, zikapitia Ujerumani ambako zilisafishwa, kisha zikaenda nchi nyingine. Vita vilipokata njia hiyo, watengenezaji waligeukia nywele za farasi kutoka Asia, wakazipaka rangi zifanane na za melesi. Nyingi hazikusafishwa ipasavyo. Zilikuja na vijidudu vya kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri, na ambao mbegu zake huweza kukaa hai katika nywele na ngozi kwa miaka. Wembe hukwaruza ngozi, brashi hupita juu ya mkwaruzo. Vijidudu havikuhitaji mlango mwingine. Askari na raia waliota majipu meusi usoni na shingoni, na baadhi yao walikufa. Marekani nayo iliandikisha wagonjwa wengi waliohusishwa na brashi, na mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani.

Brashi za farasi za leo ni habari tofauti. Nchini Hispania, ambako kampuni ya Vie-Long ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo, nywele hukatwa kwenye mkia na shingo ya farasi aliye hai, na husafishwa kabla ya kufungwa. Ugumu wake uko kati ya nguruwe na melesi. Kwa asiyetaka nywele za nguruwe wala za mnyama aliyeuawa, lakini anapenda hisia ya nywele za asili, hii ni njia ya kufikiriwa, ingawa ni nadra kuikuta dukani.

Aina ya nne, nyuzi za kiwandani, ndiyo iliyobadilisha biashara hii yote. Nailoni ilianza kuuzwa katika miswaki nchini Marekani mwaka 1938, na brashi za kunyolea za nailoni zikafuata. Zilikuwa mbaya: nene, kavu, zikirusha maji kila upande. Sifa hiyo mbaya bado inazifuata brashi za nyuzi za kiwandani, na kwa sasa si haki. Nyuzi za leo hutengenezwa zikiwa nyembamba sana, kisha ncha zake hupunguzwa unene zaidi mpaka zinalainika kupita nywele za wanyama wengi. Mühle, kampuni iliyoanzishwa na Otto Johannes Müller mwaka 1945 katika mji mdogo wa Stützengrün huko Saksonia, ikataifishwa na serikali ya Ujerumani Mashariki mwaka 1972 na kurudi mikononi mwa familia baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, ilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuzipa nyuzi hizi heshima. Baadaye viwanda vya China, Yaqi kikiwa mojawapo, viliteremsha bei mpaka brashi nzuri ya nyuzi ikapatikana kwa chini ya dola 20.

Brashi ya nyuzi haihitaji kulowekwa. Haina harufu. Haili povu, kwa kuwa nyuzi zenyewe hazinyonyi maji. Maji hukaa katikati yake tu. Kasoro yake huhisiwa mkononi: baadhi ya mashada huruka kurudi mahali pake kwa kasi mno, na mtu aliyezoea nywele za asili huona kama brashi inamsukuma. Pia ukiijaza maji mengi, huyamwaga yote mara moja. Dawa yake ni kuikung'uta vizuri na kuongeza maji kidogo kidogo.

Baada ya aina ya nywele huja vipimo, na hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza kwa sababu wanadhani kubwa ndiyo bora. Vipimo viwili ndivyo vya maana: kipenyo cha shada pale linapoingia kwenye mpini, na urefu wa nywele kuanzia hapo hadi kileleni. Brashi nyingi za uso wa kawaida zina kipenyo cha milimita 22 hadi 26 na urefu wa takriban milimita 50. Vipimo hivyo viwili husomwa pamoja. Shada pana lenye nywele fupi huwa gumu na lililojaa. Chubby 2 ya Simpson, yenye kipenyo cha takriban milimita 27, ni mfano maarufu, na wapo wanaoipenda mno na wanaoshindwa kabisa kuipinda. Shada lilelile likiinuliwa juu zaidi katika mpini hulegea, likizamishwa hukaza. Kwa hiyo brashi mbili za nywele za daraja moja zinaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa usoni, na aliyesoma daraja pekee hataelewa kwa nini.

Namna mtu anavyotengeneza povu nayo ina neno lake. Anayekoroga ndani ya bakuli hufaidika na nywele ndefu kidogo na mpini mrefu, ili vidole visizame ndani ya povu. Ndiyo sababu brashi za vinyozi wa Italia ni ndefu. Anayetengeneza povu moja kwa moja usoni anahitaji shada fupi, lenye kipenyo kidogo, linalotii mkono chini ya pua na kando ya masikio. Kwa huyo, milimita 22 au 24 zinatosha. Mpini uchaguliwe kwa mshiko. Mbao nzuri hupendeza lakini huhitaji kutunzwa zisipasuke. Mpini wa resini hauogopi maji, na mkono uliojaa sabuni huushika vyema zaidi ukiwa na kiuno.

Kwa wanaume wenye nywele za kipilipili, ulaini wa ncha ni suala la afya. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi, na hapo huota vipele vinavyouma na kuacha madoa meusi shingoni. Wataalamu wa ngozi hupendekeza kunyoa kufuata uelekeo wa ndevu, kutoivuta ngozi, na kutorudia mahali pamoja mara nyingi. Brashi laini inayozungushwa polepole husaidia kuzisimamisha ndevu kabla ya wembe kupita. Brashi ngumu juu ya vipele vilivyowiva huvichubua, na mtu wa namna hiyo asinunue ya nguruwe mpya, hata ikisifiwa vipi. Wala brashi isiazimwe. Ngozi iliyonyolewa ina mikwaruzo isiyoonekana, na shada lenye unyevu hubeba vijidudu kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mteja anayepakwa povu kibandani kwa kinyozi ana sababu nzuri ya kuja na brashi yake.

Maji na hewa ya mahali navyo vihesabiwe, jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawana haja ya kulitaja. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na sabuni hugoma kutoa povu ndani yake. Hapo inafaa brashi yenye nguvu ya kukwangua sabuni nyingi, na ni busara kuanza na maji machache. Chumvichumvi na sabuni hujijenga pia katikati ya shada na kulifanya kuwa gumu. Kuliloweka kwa dakika chache katika maji yaliyotiwa siki kidogo, kisha kulisuuza sana, hulirudishia ulaini. Unyevu wa hewa ya Zanzibar, Mombasa au Tanga huichelewesha brashi ya nywele za asili kukauka, na brashi iliyofungiwa kabatini ikiwa mbichi huota ukungu na kunuka. Kwa mkaazi wa pwani anayenunua brashi yake ya pili, ya nyuzi yenye kipenyo cha milimita 24 ndiyo chaguo linaloleta majuto machache. Inakauka haraka na haina utata wa dini. Fedha inayobaki inunue sabuni nzuri, maana sabuni mbaya huishinda hata Silvertip.

Brashi mpya, ya aina yoyote, ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla haijagusa uso. Maji yanayochemka yasiiguse, kwa kuwa huharibu nywele na kuilegeza gundi. Kudondosha nywele chache katika wiki mbili za mwanzo ni kawaida, hasa kwa brashi za asili. Ikiendelea baada ya hapo, au nywele zikitoka kwa mafungu, gundi haikushika na brashi irudishwe dukani. Wakati wa kunyoa, mwenye brashi atumie ncha tu. Anayeikandamiza mpaka mashina yapinde huivunja nywele katikati, na baada ya miezi kadhaa tundu hutokea katikati ya shada. Akimaliza, aisuuze mpaka maji yatoke safi, aikung'ute kwa nguvu, aipitishe juu ya taulo, halafu aiweke mahali penye hewa. Kuining'iniza kichwa chini si lazima, maana baada ya kukung'utwa maji yaliyobaki ni machache. Kwa brashi ya asili inayotumika kila siku katika hewa yenye unyevu, ni vizuri kuwa na mbili na kuzitumia kwa zamu, ili kila moja ipate siku nzima ya kukauka hadi ndani kabisa ya mashina.